Tukisema "Tutaonana", Tuishi kama Watakaoonana



Yako maneno ambayo wengi wetu hatuyasemi ila msibani. Mtu ambaye mwaka mzima hakutamka neno la dini, akisimama ukingoni mwa kaburi la rafiki yake, na udongo ukaanza kudondoka juu ya sanduku, utamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Nenda salama, ndugu yetu, tutaonana." Hakuna amchekaye, wala amwulizaye ushahidi. Wote waliohudhuria huinamisha vichwa, kana kwamba amesema kwa niaba yao.

Je, neno hilo ni adabu tu, mfano wa kumwambia mgeni "karibu tena" hali hatujui kama atarudi? Au ni neno lenye maana kamili, ambalo msemaji wake hana budi kulisimamia? Juma hili napenda tulitazame jambo hili kwa utulivu, maadam hakuna nyumba isiyokuwa na pengo mezani. Tumaini la Mkristo la kuwaona tena wapendwa wake ni faraja kubwa. Walakini limetumiwa vibaya mara nyingi, ama kwa kumnyamazisha aliyefiwa, ama kwa kuwasahau waliobaki hai.

Lugha yetu yenyewe imekwisha kutupa dalili. Tunapomwita mtu "marehemu", maana yake ni aliyerehemiwa. Yaani kila tumtajapo, tunamtakia rehema ya Mungu hata bila kukusudia. Tena twasema "ametangulia". Naye atanguliaye hakupotea; yumo katika njia ile ile tuliyomo sisi, ila ametupita kwa hatua chache.

BARUA KWA WALIOFIWA

Wakristo walikabiliwa na swali hili tangu mwanzo kabisa. Yapata mwaka 50 baada ya kuzaliwa Kristo, Mtume Paulo aliwaandikia barua waumini wachanga wa mji wa Thesalonike, huko Makedonia, katika nchi ya Ugiriki ya leo. Barua hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kuliko yote katika Agano Jipya. Waumini wale walitazamia kwamba Bwana angerudi upesi, nao wangemlaki wakiwa hai. Punde si punde baadhi yao wakaanza kufa, na waliobaki wakashikwa na hofu. Je, baba aliyezikwa mwezi uliopita ataikosa siku ile? Je, sisi tutaingia karamuni na mama abaki nje?

Litazame vema jibu la Mtume. Hakuwaambia wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kwa namna ya watu wasiokuwa na tumaini. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na laiti wafariji wetu wangeyatenganisha! Kisha akawaonyesha msingi wa tumaini lao, nao ni mmoja tu: kwamba Yesu alikufa akafufuka. Waliolala katika yeye watafufuka kwanza, na walio hai watachukuliwa pamoja nao. Neno la kushika hapo ni hilo "pamoja". Mwishowe akawapa agizo kwamba wafarijiane kwa maneno hayo wao kwa wao. Kazi ya kufariji hakumwachia kiongozi wa kanisa peke yake. Aliiweka mikononi mwa kila jirani.

Ndiyo sababu Wakristo wa kale waliyaita makaburi yao kwa neno la Kiyunani lenye maana ya "mahali pa kulala". Na alalaye hutazamiwa kuamka.

KULIA SI KUKOSA IMANI

Iko desturi mbaya iliyoingia katika misiba yetu, hasa kwa akina baba. Mwanamume akifiwa na mkewe, huambiwa ajikaze. Mama aliyempoteza mtoto huambiwa asilie kwa kuwa "Mungu amempenda zaidi". Ati machozi yataonyesha kwamba hana imani! Aliyefiwa hulazimika kubeba mizigo miwili: huzuni yake, na kazi ya kuificha.

Mbona Bwana Yesu mwenyewe alilia? Injili ya Yohana yatusimulia kwamba alipofika Bethania, Lazaro alikuwa amekwisha kukaa kaburini siku nne. Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita rafiki yake atoke kaburini akiwa hai. Hata hivyo, alipomwona Mariamu na waombolezaji wakilia, naye akatoka machozi. Ikiwa yeye aliyekuwa na uhakika wa kumwona rafiki yake muda ule ule alilia, ni nani atakayemkataza mjane ambaye hajui atangoja miaka mingapi?

Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu katika Afrika ya Kaskazini, alitoa ushuhuda wa kweli juu ya jambo hili katika kitabu chake cha Maungamo. Mama yake, Monika, alifariki mwaka 387 katika bandari ya Ostia, karibu na Roma, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Walikuwa njiani kurudi kwao Afrika. Roho ilipomtoka bibi yule, mjukuu wake Adeodato alipasua kilio, na watu wakamnyamazisha, wakiona kwamba maombolezo ya namna hiyo hayamfai mtu aliyekufa katika imani. Augustino mwenyewe alijizuia. Alikwenda mazikoni na kurudi bila chozi. Akaenda kuoga, akidhani maji yangemwondolea uchungu, wapi! Alipokuwa kitandani peke yake ndipo alipoyafungulia machozi yake mbele ya Mungu, akapata nafuu. Msomi yule mkubwa, ambaye Kanisa lingemsoma kwa karne zaidi ya kumi na tano, aliona kwamba imani yake ya kumwona tena mama yake haikumwondolea haja ya kumlilia.

Na wazazi waliozika watoto wana mfano wao. Kitabu cha Pili cha Samweli chaeleza jinsi mfalme Daudi alivyofunga na kulala chini muda wote mtoto wake alipokuwa mgonjwa. Mtoto alipokufa siku ya saba, mfalme aliinuka, akaoga, akala chakula. Watumishi walishangaa. Naye akawaeleza kwamba mtoto hatarudi kwake, bali yeye ndiye atakayemwendea mtoto. Katika maneno hayo safari imegeuzwa mwelekeo. Aliyefiwa hakai tena mlangoni akitazama njia na kumngoja asiyerudi. Anajua kwamba yeye ndiye msafiri.

WALIOZIKWA MBALIMBALI

Huzuni nyingine huwashika watu wetu kwa sababu ya mahali pa kaburi. Baba kazikwa kijijini, mama kazikwa mjini, kaka kafia ng'ambo. Wengine huingia katika madeni mazito kusafirisha maiti, na koo hugombana juu ya maiti kana kwamba asiyezikwa kwao amepotea milele. Kuwazika watu wetu karibu nasi ni jambo jema na la heshima. Lakini je, kuonana tena kunategemea ujirani wa makaburi?

Monika huyo huyo alikuwa amekwisha kujitayarishia kaburi kwao Afrika, kando ya mumewe, na kwa miaka mingi hilo lilikuwa shauku yake. Alipokuwa akikata roho ugenini, aliwaambia wanawe wauzike mwili wake popote, ila wamkumbuke katika altare ya Bwana. Alikuwa amekwisha kusema siku chache kabla ya hapo kwamba kwa Mungu hakuna mahali palipo mbali, wala hakuna hofu kwamba Mungu atasahau mahali pa kumfufulia.

Mfano mwingine ulipita katika pwani yetu wenyewe. Msafiri na mmisionari David Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi yenye njaa na maradhi. Walifika mwezi Februari mwaka 1874, na maiti ikawekwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London, ilikozikwa tarehe 18 Aprili mwaka ule.

Tazama basi makaburi ya nyumba ile moja. Moyo wa baba uko Zambia, mwili wake uko Uingereza. Mkewe, Mary, alifariki mwaka 1862 na kuzikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi, nchini Msumbiji. Mtoto wao mchanga, Elizabeth, alizikwa mwaka 1850 huko Kolobeng, katika Botswana ya leo. Kijana wao Robert alifia Marekani mwaka 1864, akiwa mfungwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi ile. Kama kukutana tena ni kazi ya makaburi, jamaa wale wasingekutana kamwe. Tumaini la Mkristo halikujengwa juu ya udongo. Limejengwa juu ya Yule anayejua kila mmoja amelala wapi.

JE, TUTATAMBUANA?

Swali hili huulizwa sana na wazee, na huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la kitoto. Si la kitoto hata kidogo. Maandiko hayatoi maelezo marefu juu yake, ila yatupa habari za Yesu baada ya kufufuka. Maria Magdalena alimwona bustanini akadhani ni mtunza bustani. Alimtambua alipoitwa kwa jina lake. Wanafunzi wawili walitembea naye njia nzima ya kwenda Emau wasimjue. Walimtambua mezani, alipoumega mkate. Tomaso aliamini alipoonyeshwa makovu. Jina, chakula, na alama za maumivu: hayo ndiyo mambo ambayo watu wa nyumba moja hujuana kwayo! Kwa hiyo mwamini ana haki ya kutumaini kwamba yale yaliyofanya pendo letu kuwa pendo hayatafutwa.

Wajane na wagane nao wana swali lao. Aliyeolewa tena baada ya mume wa kwanza kufa, atakuwa wa nani siku ile? Masadukayo walimletea Yesu kitendawili hicho, wakitaja mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, kwa sheria ya kumrithi mjane ili kumwinulia marehemu uzao. Makabila yetu kadhaa hayahitaji kufafanuliwa sheria ya namna hiyo. Yesu alijibu kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi. Na kwamba Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo ni Mungu wa walio hai.

Wako wanaolisoma jibu hilo kwa majonzi, wakidhani kwamba ndoa zao zitafutika kama hazikuwapo. Mimi nalisoma vingine. Masadukayo walimzungumza mwanamke yule kama mali inayogombewa na warithi. Yesu alikataa hesabu hiyo. Siku ile mwanamke hatakuwa wa huyu wala wa yule. Atakuwa wa Mungu, na wote waliopendana watapendana bila wivu. Basi mjane aliyeamua kuolewa tena kwa halali asitishwe ati atamkosea marehemu. Mtume Paulo alimpa ruhusa. Naye aliyeamua kubaki peke yake asisukumwe.

Ni kweli kwamba madhehebu hayasemi kwa sauti moja katika kila jambo. Wakatoliki huwaombea marehemu wote tarehe 2 Novemba. Wamoravian wana desturi ya kukusanyika makaburini alfajiri ya Pasaka na kungoja jua lichomoze, desturi iliyoanza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Waadventista Wasabato hufundisha kwamba wafu wamelala bila kujua lolote hata siku ya ufufuo. Jirani yetu Mwislamu, ambaye huja kutusaidia kuchimba kaburi kama sisi tuendavyo kwake, naye anaamini siku ya ufufuo na hesabu. Si kazi ya safu hii kuamua hoja zao. Yatosha kuona kwamba hakuna hata mmoja miongoni mwao anayesema kaburi ndilo neno la mwisho.

AHADI NI DENI

Sasa, ndugu msomaji, tufikie jambo ambalo halisemwi sana matangani. Wahenga walisema ahadi ni deni. Tunapomwambia marehemu "tutaonana", tunatoa ahadi mbele ya mashahidi. Nayo ina pande mbili. Tutaonana na mama aliyetulea, na hiyo ni furaha. Lakini tutaonana pia na kaka ambaye, kabla hata ya arobaini yake, tuligawana shamba lake na kumfukuza mkewe. Tutamtazama usoni kwa macho gani? Akituuliza, "Wanangu mliwapeleka shule?", tutajibu nini?

Nimewaona watu waliolia kwa sauti kubwa kuliko wote kaburini, na baada ya juma moja wakaja na lori kuchukua vitanda, makabati na cherehani ya mjane. Watu hao huimba juu ya kuonana mbinguni kwa moyo mkunjufu. Lau wangeamini nusu tu ya wanachoimba, wangeirudisha ile cherehani usiku huo huo! Waraka wa Yakobo wasema waziwazi kwamba dini iliyo safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika dhiki yao.

Wakristo wa kale walilielewa jambo hili. Katikati ya karne ya tatu, tauni kali iliupiga mji wa Kartago, katika nchi ya Tunisia ya leo. Watu waliwakimbia jamaa zao, na maiti zikalala njiani. Askofu wa mji ule, Sipriani, aliwaandikia waumini wake akiwafariji kwamba wapendwa wao hawakupotea bali wametangulia, na kwamba umati mkubwa wa wazazi, ndugu na watoto unawangoja huko waendako. Lakini hakuishia hapo. Aliwahimiza wawauguze wagonjwa, tena si wa kwao peke yao, bali hata wale waliokuwa wakiwatesa Wakristo. Sipriani mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 258. Tumaini la kuonana kesho liliwatuma watu wake kuwahudumia walio hai leo.

Basi tufanye nini? Kwanza, tumwache aliyefiwa alie. Ukienda msibani huna maneno, kaa kimya pamoja naye. Kuja kwako ni neno tosha. Chota maji, pasua kuni, walaze watoto.

Pili, usiogope kulitaja jina la marehemu. Wengi hudhani kumtaja ni kutonesha kidonda, kumbe mzazi aliyefiwa hutamani sana kusikia kwamba mwanawe hajasahauliwa. Mtaje, simulia alichokisema siku fulani, cheka kama kilichekesha.

Tatu, rudi baada ya matanga kuanuliwa. Siku tatu za kwanza nyumba hujaa watu hata pa kuketi hakuna. Ni mwezi wa tatu ndipo ukimya unapoingia na kodi ya nyumba inapodaiwa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Nne, andika wosia wako ungali na afya, ili upendo wako usiachwe ubishaniwe na wengine.

Na tano, ambalo ndilo zito kuliko yote: patana sasa. Kama yuko ndugu mliyegombana juu ya mpaka, au binti uliyemfukuza kwa sababu ya mume aliyemchagua, au mzee ambaye hujamjulia hali mwaka wa pili huu, usimwekee akiba maneno mazuri ya kumsomea kaburini. Huko hatayasikia kwa masikio haya. Tumaini la kuonana baada ya kufa ni jema na la kweli kwa amwaminiye Kristo; lakini Mungu katika ukarimu wake ametupa pia kuonana kabla ya kufa, na nauli ya basi kwenda kwa huyo ndugu yako haizidi uwezo wako.

Heri juma hili umwendee.